Drishyam, Agneepath, Don na Lion King: uchukue ya kwanza au iliyorudiwa?

Ukiomba Drishyam kwenye kibanda cha kuwekewa muvi kwenye flashi pale Ngamiani, Tanga, swali utakaloulizwa ni moja: iliyotafsiriwa (DJ akisimulia kwa Kiswahili juu ya filamu) au ya kawaida? Halitoshi. Drishyam zipo nyingi. Ya kwanza ni ya Kimalayalam, lugha ya kusini mwa India, 2013. Mwaka 2014 zikafuata za Kikannada na Kitelugu, 2015 za Kitamil na Kihindi, na 2019 Wachina wakatoa ya kwao. Anayesema "Drishyam nimeiona, ya kawaida tu" mwulize kwanza kaona ipi, na kama kulikuwa na mtu anasimulia juu yake.

Filamu iliyorudiwa ina deni ambalo ile ya kwanza haikuwa nalo: watazamaji wengi wanaijua hadithi kabla hawajakaa. Kwa hiyo aliyeirudia lazima aguse kitu kinachobeba hadithi yenyewe, iwe sababu ya ugomvi, mtu fulani katikati, au mwisho. Akibadilisha magari, nguo na kamera peke yake, amekuuzia ileile mara ya pili. Kwa kipimo hicho, hizi nne hazilingani hata kidogo.

Drishyam ndiyo yenye mengi. Mtu wa kawaida aliyeishia darasa la nne ana biashara ya kebo ya televisheni katika mji mdogo, na usiku hukaa ofisini akiangalia sinema moja baada ya nyingine. Binti yake mkubwa anarekodiwa kwa siri na kijana mmoja, kijana anakuja nyumbani kumtishia kwa ile video, na usiku huo huo kijana anakufa. Mama wa kijana ni afisa wa juu wa polisi. Kuanzia hapo baba anailinda familia yake kwa mbinu alizozichota kwenye sinema. Hana bastola wala harushi ngumi. Silaha zake ni tiketi za basi, risiti ya hoteli, tiketi za sinema, na kumbukumbu za watu waliomwona.

Ya Kimalayalam imeongozwa na Jeethu Joseph na stelingi ni Mohanlal. Ya Kihindi imeongozwa na Nishikant Kamat, stelingi Ajay Devgn, na afisa wa polisi ni Tabu. Urefu wake unakaribiana sana (ya Kihindi ni dakika 163), matukio yanafuatana karibu hatua kwa hatua, na bado ni filamu mbili tofauti. Tofauti iko usoni. Mohanlal anacheza baba bahili, mwenye utani na mke wake, anayezima taa ili umeme usiliwe bure. Polisi wanamdharau, na mtazamaji naye anamdharau kidogo. Ndiyo maana akianza kupanga mambo yake unashtuka. Devgn ana macho makali tangu dakika ya kwanza. Ukimwona tu unajua huyu haguswi. Hofu inabaki, mshangao unapungua.

Ya Kihindi inashinda kwa Tabu. Yule mama ni askari na ni mzazi kwa wakati mmoja, na Tabu hasemi lolote kuhusu huo mvutano. Unauona shingoni na mikononi. Iangalie familia inapohojiwa kila mmoja peke yake. Majibu yanaoana, yanaoana kupita kiasi, na ni huko kuoana kunakompa yeye shaka. Kisha mtazame mtoto mdogo: midomo inasema alichofundishwa, macho yanamtafuta baba yake. Eneo hilo halina muziki mkubwa wala kelele. Lote ni kimya na macho.

Hapo ndipo iliyotafsiriwa inapoiua Drishyam. DJ anayetafsiri huteremsha sauti ya filamu ili yake isikike, na kazi yake ni kuziba kila kimya. Kwenye picha la ngumi hakuna hasara. Wakati mwingine ndiyo utamu wenyewe, na banda umiza, yaani banda la kuonyeshea sinema, lisilo na DJ hodari hukosa watu. Lakini hapa atakwambia "baba keshamaliza mpango" kabla baba hajakunja uso, atampa mtoto maneno ambayo hakuyasema, na lile jambo Tabu aligundua kwa kusikiliza wewe hutalisikia kabisa. Chukua yenye maandishi ya chini, hata kama ni ya Kiingereza na unasoma polepole.

Ya Kitamil inaitwa Papanasam, Jeethu Joseph mwenyewe aliirudia akiwa na Kamal Haasan. Ni ndefu kuliko zote na Kamal analia zaidi. Kwa aliyeona ya Kimalayalam haina jipya. Ya Kichina, Sheep Without a Shepherd, ndiyo iliyothubutu. Wameihamishia Thailand na wamebadili mwisho kabisa: hesabu ya kosa inadaiwa hadharani. Mwisho hausemwi hapa, ila ukiwa umeona ya Kihindi na ukadhani unajua itakapoishia, hiyo ndiyo ya kutafuta. Katikati imelegea, na bado naiweka juu ya Papanasam kwa sababu ya huo mwisho tu.

Agneepath ni kesi nyingine. Ya 1990 ni ya Mukul Anand, na Amitabh Bachchan alipata kwayo tuzo ya taifa ya India ya mwigizaji bora. Ile sauti nzito ya kukwaruza ni makusudi. Ilipotoka wengi waliilalamikia, na mpaka leo wapo wanaodhani nakala ni mbovu au spika zimekufa. Mwenye banda hana kosa. Ya 2012 imeongozwa na Karan Malhotra na kutayarishwa na Karan Johar, mtoto wa Yash Johar aliyetayarisha ile ya kwanza, na stelingi ni Hrithik Roshan.

Uti wa mgongo ni ule ule: baba mwalimu wa kijijini Mandwa anasingiziwa, anauawa, na mtoto anakua na kisasi. Lakini Malhotra kaingiza mkono hadi ndani. Muuza madafu wa 1990, aliyechezwa na Mithun Chakraborty na kupendwa kuliko stelingi na baadhi ya watu, kaondolewa moja kwa moja. Mahali pake kaingia Rauf Lala, mfanyabiashara wa dawa za kulevya na wasichana, na aliyepewa nafasi hiyo ni Rishi Kapoor, mtu aliyezoeleka miaka yote kama kijana wa mapenzi na sweta za rangi. Ni uamuzi mzuri kuliko wote kwenye filamu hii. Adui mkuu, Kancha, wa 1990 alikuwa Danny Denzongpa, suti safi na miwani, adui mwenye akili za biashara. Wa 2012 ni Sanjay Dutt, kipara, hana nyusi, mkubwa kama kontena. Anatisha kwa mwili. Danny alikutisha kwa utulivu.

Kasoro ya 2012 ni kwamba Hrithik analia sana. Amitabh alikuwa na hasira iliyokwisha kupoa na kuwa ngumu. Huyu bado anachemka, na kwa filamu ya karibu saa 3 inachosha. Ila nani aanze na ipi? Kijana ambaye hajazoea picha za zamani aanze na ya 2012, akipenda arudi nyuma. Muuza madafu peke yake anatosha kumrudisha. Na wale wenye imani kwamba stelingi hafi, wajiandae, zote mbili.

Kwa Don utaratibu ni kinyume, na haufai kuvunjwa. Ya 1978, ya Chandra Barot, hadithi ya Salim na Javed, Amitabh akicheza watu wawili: jambazi Don na Vijay anayefanana naye. Ya 2006 kaiongoza Farhan Akhtar, ambaye ni mtoto wa huyo Javed, na Shah Rukh Khan kachukua nafasi zote mbili. Farhan katengeneza filamu ya watu walioona ya kwanza. Kwa muda mrefu anakupitisha njia ile ile: msichana Roma anaingia kwenye genge la Don kulipa kisasi, Jasjit anachechemea na mguu wake akimtafuta mwanawe, afisa D'Silva ndiye peke yake anayejua siri ya Vijay. Unatulia kwa kuwa unaijua. Kisha anakuvuta mkeka. Asiyeona ya 1978 ataona mwisho wa kushangaza wa kawaida. Aliyeiona ataona ametapeliwa kwa ustadi, na atacheka.

Nyimbo hapo si pambo. Ule wa tambuu wa Kishore Kumar haukuwa kwenye mpango wa mwanzo wa 1978. Uliongezwa filamu ikiwa imekwisha kupigwa, kwa sababu nusu ya pili ilikuwa imekaza mno bila pumziko. Nakala ndogo za mtaani huukata kwanza kuliko vyote, na ukiutoa, Amitabh anabaki mtu mmoja badala ya wawili, maana ni humo Vijay anapoonekana Vijay hasa. Wa 2006 umerudiwa na si mbaya. Kareena Kapoor kwenye nafasi aliyoicheza Helen 1978 ni mzuri wa kutazama, ila hatari haipo. Picha za Kuala Lumpur ni safi, na ile ya 1978 kwenye televisheni kubwa inaonekana imechoka. Don ni filamu inayovumilia kutafsiriwa, hata inanoga.

Lion King sitaikalia. Ya 1994 ni dakika 88, ya kuchorwa. Ya 2019 ya Jon Favreau ni dakika 118, ya kompyuta inayofanana na wanyama halisi. Hadithi ni ileile na sauti ya Mufasa ni ya James Earl Jones kote kuwili. Nusu saa iliyoongezeka haijaleta kitu. Simba wa kweli hana nyusi za kukunja, kwa hiyo baba anakufa na mtoto ana uso ule ule aliokuwa nao akicheza. Wimbo wa mapenzi wa usiku wameuimba mchana kweupe. Watoto wawekee ya 1994.

Kuhusu nakala zenyewe: nyingi zinazouzwa kwa flashi mtaani hazina kibali cha mwenye filamu, na hakuna wa kumlalamikia zikiwa mbovu. Kipimo cha kwanza ni muda. Drishyam ya Kihindi ikisoma dakika 156 badala ya 163, haijakatwa. Imetolewa kwenye nakala inayokwenda picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo inakimbia kidogo na sauti zinapanda kidogo. Ikisoma 140, kuna mtu amekata, na mara nyingi alichokata ni nyimbo na ule mwanzo wa polepole ambao ndio unaokufanya umpende baba.

Tofauti hiyo hiyo ya 24 na 25 ndiyo inayoharibu maandishi ya chini. Yakianza sawa halafu baada ya saa moja yakawa yamepishana na maneno kwa kama dakika 2 na nusu, usihangaike kuyasogeza, utasogeza usiku kucha. Faili la maandishi ni la nakala nyingine, tafuta linalolingana. Kama yamepishana kwa kiasi kile kile tangu mwanzo hadi mwisho, hapo yanarekebishika: kwenye VLC (programu ya kuchezea video) ya kompyuta bonyeza G au H, kila mbonyezo unasogeza sehemu ya 20 ya sekunde. Na kama hayatokei kabisa, hakikisha faili la maandishi lina jina lile lile la filamu na liko kwenye folda moja nayo.

Televisheni ikitoa sauti bila picha, filamu imebanwa kwa x265, njia mpya ya kubana picha, na televisheni yako ni ya zamani; omba ya x264, itakuwa kubwa zaidi lakini itafunguka. Ikitoa picha bila sauti, tatizo ni aina ya sauti, mara nyingi DTS. Omba yenye AAC. Flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, hata ikiwa na nafasi ya GB 30, na hapo muuzaji asiye na subira atakupa nakala ndogo zaidi bila kukwambia. Kwa Agneepath na Don za zamani nakala ya kati inatosha, picha yake haina mengi ya kupoteza. Kwa Drishyam usikubali ya MB 300. Usiku wa tukio unageuka vipande vya weusi na hutaona nani kashika nini.

Kabla ya kulipa, usijaribu dakika za mwanzo, hizo huwa nzima siku zote. Peleka hadi karibu na mwisho (kwa Drishyam, dakika ya 150), angalia midomo na sauti vinakwenda pamoja, kisha ndiyo utoe hela.