Sass na namba hasi: naipenda, ila chunga kistari

Anayeandika mitindo ya kurasa kila siku hawezi kuzikwepa namba hasi. Picha itoke kidogo nje ya kisanduku, safu zisogeleane, basi margini inashuka chini ya sifuri. Kwenye kazi hii Sass, lugha inayogeuzwa kuwa CSS (lugha ya mitindo ya kurasa za wavuti), inanifaa sana, lakini ina shimo moja ambalo kila anayeanza aonyeshwe mapema.

Kibadilika hakisumbui. Kama `$nafasi` ni 16px, ukiandika `-$nafasi` unapata -16px. Fanksheni yangu `rem()`, ya kugeuza pikseli kuwa rem (kipimo kinachofuata ukubwa wa herufi wa ukurasa), nayo haihitaji masharti yoyote ya hasi: `math.div($px, 16px) * 1rem` ikipewa -20px inatoa -1.25rem, safi kabisa.

Shimo liko hapa: `margin-top: -rem(20px)`. Katika CSS jina linaruhusiwa kuanza na kistari, kwa hiyo Sass haioni alama ya kutoa. Inaona fanksheni nyingine iitwayo `-rem`. Haijaifahamu, inaichukulia kuwa ni ya CSS ya kawaida, na kuipitisha vilevile hadi faili la mwisho. Hakuna kosa, hakuna onyo. Kivinjari hakiielewi, kinautupa mstari mzima, na wewe unabaki kushangaa kwa nini kisanduku hakisogei. Kimya hicho ndicho kinachoniudhi, maana `-math.div(20px, 2)` inakatazwa papo hapo: hakuna moduli inayoitwa `-math`. Huo ndio msaada ninaoutaka.

Mimi huandika `-1 * rem(20px)`, au `rem(-20px)` pale fanksheni inapokubali. Kwa `var()`, inayosoma vibadilika vya CSS yenyewe, kistari cha mbele hakifai pia. Andika `calc(-1 * var(--nafasi))`.

Sifa wanayostahili watengenezaji wa Sass ni ya toleo 1.55.0. Tangu hapo `$a -$b` inaleta onyo, kwa sababu mwandishi huenda alitaka thamani mbili kando kwa kando ilhali Sass inafanya kutoa. Unaambiwa uchague: `$a - $b` au `$a (-$b)`. Onyo la namna hiyo lingefika kwenye `-rem()` ningeisifu bila kusita.

Kwa sasa, kabla hujapeleka kazi, fungua faili la CSS lililotoka utafute `-rem(`. Likionekana hata mara moja, kuna mstari usiofanya kazi.