Wifi Ninaye, Waifai Sina: Miezi Minane na Saa Janja Isiyoona Intaneti

Simu yangu ya zamani iliondoka na kijana wa pikipiki karibu na daraja la wapita njia la Roysambu, Nairobi, kabla hata jua halijachomoza. Nilikuwa nimeishika mkononi nikitazama nimekimbia kilomita ngapi. Tangu siku hiyo sikimbii na simu. Inabaki nyumbani Zimmerman chini ya mto, nami natoka na ufunguo mmoja na noti ya mia.

Ila kukimbia bila kujua umbali kulinikera. Wifi yangu, dada ya mume wangu, ndiye tunayekimbia naye Jumamosi, na ndiye aliyeniambia ninunue saa janja (smartwatch). Kwake ni rahisi kusema, maana nyumbani kwao Kahawa kuna waifai inayolipiwa kila mwezi. Kwangu ni bando, tena bando la kununua kukiwa na sababu. Kwa hiyo swali langu halikuwa saa ipi inapendeza. Nilitaka kujua hiki kitu kitanifaa vipi siku ambazo sina hata MB moja, simu iko nyumbani, na mimi niko katikati ya msitu wa Karura.

Nilianza kwa kuchomwa. Nilienda Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki, nikamuuliza muuzaji kama saa ina GPS, kile kipokezi cha setilaiti kinachojua uko wapi. "Iko na kila kitu, madam." Nikatoa shilingi 2,800. Kufika nyumbani ndipo nikagundua kwamba GPS inayosemwa ni ya simu. Saa inaiazima kwa Bluetooth, na simu ikibaki nyumbani basi na GPS imebaki. Ikiwa peke yake saa ile hukisia umbali kwa kuzidisha hatua zako na urefu wa hatua moja, na urefu huo inaukadiria kutokana na kimo ulichojaza mwanzoni. Mimi sikujaza. Niliacha sentimita 170 zilizokuwa zimeandikwa pale, na mimi ni mfupi, 158 nikivaa raba. Nikaenda kuipima kwenye kiwanja chenye njia ya mita 400, raundi kumi na mbili na nusu za mstari wa ndani, ambazo ni kilomita 5 kamili. Saa ikasema 5.6. Sijawahi kukimbia haraka hivyo maishani.

Ile nilimpa mama mkwe kule Murang'a, anahesabu nayo hatua za kwenda shambani na amefurahi. Ukienda Luthuli basi, usiulize "ina GPS?" Uliza kama ina GPS yake yenyewe ndani, kisha omba uwashiwe, utoke nayo hadi barabarani uone kama inapata setilaiti bila simu. Muuzaji akianza kukuzungusha, songa duka linalofuata.

Ya pili iligharimu 14,500 na ndiyo niliyo nayo. Jina lake naliweka kando kwa sababu mengi nitakayosema utayakuta kwenye saa nyingi za bei hiyo.

Siku ya kwanza bila intaneti haitoki popote. Hili halikuandikwa kwenye boksi. Niliiwasha nikaona picha ya simu na mraba wa kuskani, basi. Hata saa ngapi haikuniambia. Ikabidi ninunue bando, nipakue programu yake, nifungue akaunti, nithibitishe barua pepe, nijaze tarehe ya kuzaliwa na uzito (nilipunguza kilo tatu, Mungu anisamehe). Nilipodhani nimemaliza, saa ikadai isasishwe kwanza. Bando likaisha ikiwa asilimia 63. Ikakwama pale na duara linazunguka, nami nikavaa viatu nikapanda matatu hadi kwa wifi. Alifungua mlango akacheka kabla sijasema neno. "Wifi, umekuja kunisalimia mimi au umekuja kwa waifai?" Nikamwambia nyote wawili.

Baada ya pale mambo yakanyooka kuliko nilivyotarajia. Mapigo ya moyo, hatua, usingizi, saa ya kupimia muda, kengele ya kuniamsha saa kumi na moja, yote yamo ndani ya saa yenyewe. Ule mwanga wa kijani chini yake unamulika damu mkononi na kusoma inavyorudi, hauhitaji kumuuliza mtu yeyote mtandaoni. Nimeulinganisha mara nyingi na vidole shingoni, nikihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Nikiwa nimetulia tofauti ni pigo moja au mawili. Nikipanda mlima nao mkanda umelegea, inaota ndoto. Hatua nazo usiziamini sana. Nikisonga ugali wa watu sita napata hatua mia na kitu bila kutoka jikoni.

Sasa GPS, maana hapa ndipo watu wengi hubishana. GPS haihitaji intaneti. Fikiria redio ya betri: stesheni inatangaza, wewe unasikiliza, na mtangazaji hajui kama upo. Setilaiti ziko juu kiasi cha kilomita 20,200 zikitangaza saa zao na mahali zilipo, na saa yako ikisikia nne inaweza kupiga hesabu ya mahali ulipo na mwinuko wako. Haitumi kitu, haitozwi kitu. Wiki mbili za kwanza ilikuwa ikinipata kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu.

Kisha wiki tatu zikapita sijaiunganisha na simu yenye data. Jumamosi hiyo tuko Karura, lango la Kiambu Road, wifi ameshalipa kwa simu yake (mimi humrudishia jioni), nimebonyeza kukimbia, saa inatafuta. Inatafuta. Dakika moja, mbili, tatu. Nikaanza kutembeatembea nikiinua mkono kama anayetafuta stesheni. Wifi ameshanyoosha miguu yote miwili na sasa ananitazama. "Hiyo saa inangoja matatu ya wapi?" Ilifika dakika ya sita ndipo ikatetemeka.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Ikiwa na intaneti, programu ya simu huipa saa faili dogo la ratiba ya setilaiti, zitakuwa wapi siku zijazo, ili isianze kuzitafuta gizani. Faili hilo huchacha. Kwa saa nyingi halidumu zaidi ya siku kadhaa au wiki chache. Likishachacha, saa inapaswa kuipata habari hiyo kutoka kwa setilaiti zenyewe, nazo hutangaza taratibu mno, biti 50 kwa sekunde. Kila setilaiti inachukua kama nusu dakika kueleza njia yake, na ratiba nzima ya zote huchukua dakika 12 na nusu. Mti ukikatiza katikati ya maelezo, saa inangoja yaanze upya. Kwa hiyo kutembeatembea kwangu chini ya miti kulikuwa kunazidi kuichelewesha. Siku hizi bando likiwa limekauka muda mrefu nasimama pale penye uwazi kabla ya kuingia msituni, natulia, simjibu wifi. Ikishashika haiachi, hata kule chini kwenye maporomoko.

Kuna kasoro moja ambayo intaneti haiwezi kuiponya. Zimmerman kwetu maghorofa yamebanana, mtaa mwembamba, na mawimbi yanagonga ukuta huu yanarudi ukuta ule. Nikiangalia mchoro wa mbio zangu za Jumanne, kuna mahali nimekatiza juu ya paa la jirani, nikaingia kwenye tangi la maji, nikatokea kwa kinyozi. Kilomita hizo nazihesabu nusu nusu.

Kitu kingine kilichonishangaza ni SMS. Nilidhani bila bando mkono utakuwa kimya. Kumbe ujumbe wa kawaida na simu zinazoingia hupita kwa Bluetooth kutoka kwenye simu iliyo karibu, na Bluetooth si intaneti. WhatsApp ndiyo haitafika mpaka simu ipate data. M-Pesa hufika hata bando likiwa sifuri. Na hapo nikajifunza kwa aibu. Niko kwenye matatu ya Thika Road, nimeshika chuma cha juu, mkono uko mbele ya uso wa jamaa aliyekaa, saa ikatetemeka na ujumbe ukatiririka wote, jina la aliyenitumia na salio jipya la M-Pesa. Jamaa akausoma hadi mwisho, akaniangalia kwa huruma. Nimezima ujumbe kuonekana mkononi, na wewe uzime leo.

Hali ya hewa ni kichekesho kitupu. Bila data haikuambii kwamba haijui, inakuonyesha ya mara ya mwisho. Julai nzima, Nairobi ile ya baridi na manyunyu, mkono wangu ulikuwa na jua linalong'aa na nyuzi 26.

Lalamiko langu halisi ni kumbukumbu. Tulienda Murang'a siku kumi na mbili, simu mara inashika mtandao mara haishiki, nami sikuhangaika. Niliporudi na kuunganisha, siku saba za karibuni zilikuwa kamili, na zile tano za mwanzo zimebaki jumla ya hatua tu, hakuna usingizi wala mapigo. Ndivyo ilivyoundwa, siku ya nane inafuta ya kwanza. Kuunganisha kwenyewe hakukuhitaji intaneti, ningetosheka na Bluetooth, kama si kwamba ile programu kule kijijini ilikuwa imenitoa kwenye akaunti na kudai nenosiri upya, na bila mtandao haifunguki hata kidogo. Data ni yangu, mkono ni wangu, simu ni yangu, na mlango umefungwa na mtu aliye ng'ambo ya bahari. Niliandika kwa huduma ya wateja. Nikajibiwa nihakikishe nina intaneti.

Si mimi wa kwanza kuning'inia hivyo. Julai 2020 mitambo ya Garmin, kampuni ya saa za mazoezi, ilivamiwa na wadukuzi na huduma yao ya mtandaoni ikalala kwa siku kadhaa. Saa zenyewe ziliendelea kurekodi mkononi mwa watu, na waliojua kuchomeka waya kwenye kompyuta walitoa mbio zao wenyewe. Saa yangu waya wake ni wa chaji tu. Nikinunua nyingine, hilo nitaliuliza kabla ya rangi.

Kijana wa jirani anayesomea kompyuta alinionyesha Gadgetbridge, programu ya bure ya Android inayopatikana F-Droid, duka la mtandaoni la programu huria. Inaunganisha saa za kampuni kadhaa bila akaunti ya mtu, na yenyewe haina hata ruhusa ya kuingia intaneti, kila kitu kinabaki kwenye simu. Tulihangaika nayo jioni nzima kwa sababu saa yangu ilidai ufunguo, yaani namba ya siri, unaotolewa kwanza kupitia programu ya kampuni. Ilipokubali, ilikubali. Nimepoteza zile alama za kunisifu, "umelala vizuri kuliko asilimia fulani ya watu", nami sikuzililia. Angalia orodha ya saa inazozikubali kabla hujanunua. Si zote.

Faida nyingine sikuitafuta ila naifurahia, kwamba njia ninayokimbia na saa ninayotoka mlangoni havisafiri kwenda mtandaoni kila siku. Mwanzoni mwa 2018 ramani ya mbio ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, iligundulika inaonyesha mpaka kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia na saa zao. Mimi sina kambi, ila nina kijana wa pikipiki.

Betri wanaahidi siku kumi, napata nane nikikimbia mara tatu. Ikizimika kabisa, yangu husahau saa ngapi na huamka na sifuri nne mpaka iione simu, kwa hiyo usiiache ife usiku wa kuamkia safari.

Ningeinunua tena? Kwa 14,500, ndiyo. Ile ya 2,800 ni kwa mama mkwe na shamba lake. Utaratibu wangu sasa ni bando la saa moja kila Jumapili jioni: nafungua ile programu ya kampuni ipeleke saa ratiba ya setilaiti, nahamia Gadgetbridge nihifadhi wiki, kisha nazima data. Jumapili iliyopita kazi yote iliisha kwa dakika kumi na tano. Zilizobaki nilimpigia mama mkwe kwa video. Alikuwa anainyoosha saa yake kwenye kamera nione ametembea hatua ngapi, nami nikawa naona paa la jikoni tu.