Bati la 430 la seli za fueli, Shimanzi: bati zuri, kutoboa bado

Nilikuwa natafuta bati jembamba la stenlesi la kutengenezea seli za fueli za oksidi ngumu, vifaa vya kauri vinavyogeuza haidrojeni kuwa umeme, zile zinazokalia chuma badala ya kauri tupu. Nikapata aina ya 430, unene wa milimita 0.2, kwenye karakana moja ya Shimanzi, Mombasa, ambayo pia hutoboa kwa leza.

Bati lenyewe sina neno nalo. Fundi alitoa sumaku mfukoni kabla sijamwomba, akaibandika, ikashika. Bati la 304, stenlesi nyingine, lile la masinki na reli za ngazi lililojaa madukani, kwa kawaida halishiki sumaku, na kwa kazi hii halifai. Likipata moto, kila mita yake hutanuka kama mikromita 17 kwa digrii moja ya Selsiasi, na zirkonia, kauri inayopakwa juu, haifiki hata 11. Kauri itabanduka tu. 430 inaikaribia zirkonia, tena ukilikunja kidogo kwa mkono linarudi lenyewe.

Shida ni matundu, yale ya kupitishia haidrojeni kwenda kwenye anodi, upande wa seli unaopokea fueli. Upande wa mbele safi kabisa. Nikapitisha ukucha nyuma, ukakwama: kila tundu limezungukwa na chuma kilichoyeyuka kikagandia pale pale. Kwenye geti la nyumba nani angejali? Lakini elektroliti ya seli hizi, lile tabaka la zirkonia linalotenganisha haidrojeni na hewa, huwa mikromita kumi na kitu, nyembamba kuliko unywele, na mwiba mmoja ukiitoboa gesi inavuja. Nilipolalamika nikajibiwa, "Hiyo piga msasa tu, kaka." Nimepiga, bati likiwa limelazwa juu ya kioo lisipinde, na vidole vyangu ndivyo vinavyojua. Ukienda, sisitiza wakate kwa naitrojeni, si oksijeni. Ukingo hutoka msafi zaidi.

Lifunge vizuri pia, maana 430 haistahimili chumvi ya hewa yetu kama 304. Na usilichome kwenye tanuri la wazi: zirkonia hutaka karibu digrii 1,400 ili iive, na kwa joto hilo oksijeni italila bati lote. Tumia argoni yenye haidrojeni kidogo.

Kwa seli ya kufanya kazi miaka, agiza Crofer 22 APU, stenlesi ya Ujerumani, iliyoundwa kwa kazi hii. Kwa majaribio, 430 yatosha. Bati nitanunua tena hapo hapo. Kutoboa nitapeleka kwingine.