Nyundo ya Thor Kariakoo: Vidani Vizuri, na Fulana Moja Isiyofaa Kuuzwa

Katika ghorofa moja ya Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, lipo duka dogo linalouza vidani, pete na fulana zenye alama za visasili vya Skandinavia, yaani Ulaya ya Kaskazini: nyundo ya Thor (mungu wa radi), kunguru wawili wa Odin (mkuu wa miungu na baba yake Thor), Yggdrasil (mti unaoshikilia ulimwengu) na merikebu za Waviking, mabaharia wa kale wa huko. Wateja wake wengi ni vijana waliozijua hadithi hizi kupitia filamu na michezo ya kompyuta, na wachache, kama mimi, ni wasomaji wa visasili vyenyewe. Jina la duka nimelihifadhi, kwa sababu kasoro nitakazozieleza zinarekebishika na sipendi zimharibie fundi riziki yake.

Nilinunua nyundo ya fedha pamoja na cheni yake kwa shilingi 60,000. Imefuatisha kidani kilichopatikana mwaka 2014 huko Købelev, nchini Denmark, ambacho mchongaji wa kale aliandika juu yake, kwa runi, yaani herufi za kale za Skandinavia, kwamba hii ni nyundo. Kazi ni safi: kingo zimepigwa msasa mpaka hazikwaruzi ngozi, kishikizo kimeungwa imara, na jasho la Dar es Salaam halijaifubaza. Kila kidani kimefungiwa karatasi ndogo ya maelezo kwa Kiswahili, na hapo ndipo duka hili linapowapita wauzaji wengine wa vito vya aina hii. Karatasi ya nyundo inaeleza kwamba Jörð, mama yake Thor, ni wa ukoo wa majitu, mahasimu wa miungu, na kwamba hata Odin alizaliwa na Bestla, naye wa ukoo huohuo. Maelezo hayo ni sahihi na yana uzito mkubwa, kwa kuwa wabaguzi wa rangi wa Ulaya na Marekani wameivaa nyundo hii kama nembo ya damu isiyochanganyika, ilhali miungu wanayoitaja ina damu ya mahasimu wake.

Ningependa karatasi hiyo iongezewe habari ya fedha yenyewe. Sehemu kubwa ya fedha ya Waviking iliwafikia kwa biashara na nchi za Kiislamu, ikiwa katika umbo la dirham, sarafu za fedha zilizopigwa katika miji kama Baghdad na Samarkand, nao wakaziyeyusha na kutengeneza vito. Mwaka 1999 huko Spillings, katika kisiwa cha Gotland nchini Sweden, ilifukuliwa hazina ya fedha yenye uzito wa kilo 67 hivi, ikiwa na sarafu zaidi ya 14,000, nyingi zikiwa dirham. Mojawapo imeandikwa kwa Kiarabu kwamba Musa ni mtume wa Mungu. Msomaji wa pwani hii, ambayo masultani wake wa Kilwa walipiga sarafu zao kwa maandishi ya Kiarabu, ataitambua dunia hiyo bila kuelekezwa. Anayedai kwamba Waviking walikuwa watu waliojitenga na mataifa mengine ameshindwa kuuliza fedha ya kidani chake ilitoka wapi.

Huduma ya kuchonga jina la mteja kwa runi, inayogharimu shilingi 10,000, ndiyo iliyonitia wasiwasi. Kwenye ubao wa mifano palikuwa na jina Hassan, na S zake mbili zilichongwa zikiwa zimesimama sambamba kama miale miwili ya radi. Hiyo ndiyo nembo ya SS, kikosi cha Heinrich Himmler kilichoendesha kambi za mauaji za Wanazi. Wachongaji wa kale kwa kawaida hawakuirudia herufi ileile mara mbili mfululizo, kwa hiyo S moja ingetosha na jina lingesomeka vizuri. Mfano wa Omari nao ulikuwa na tatizo: herufi ya O ilikuwa imeongezewa vijiguu vilivyopinda kwenda juu, umbo lililotumiwa na divisheni ya SS iliyoitwa Prinz Eugen na linalopendwa na Wanazi mamboleo hadi leo, wakati O ya mawe ya kale ina miguu iliyonyooka. Nilimchorea fundi herufi zote mbili kwenye karatasi. "Dada, hizi nilizipakua tu mtandaoni, sikujua kama zina mambo yake," alisema, akaibandua mifano yote miwili na kuahidi kuichonga upya.

Vikombe vyenye picha za kofia za pembe, zinazodhaniwa kuwa za Waviking, ni kosa dogo. Kofia hizo zilibuniwa na Carl Emil Doepler kwa ajili ya opera ya Wagner, mtunzi wa muziki wa Kijerumani, mwaka 1876, na hazimdhuru mtu.

Fulana nyeusi iliyoandikwa "Jua la Waviking" ni suala jingine kabisa. Ina duara lenye miale 12 iliyovunjika, umbo linalotoka kwenye sakafu ya ngome ya Wewelsburg nchini Ujerumani, ambayo Himmler aliigeuza kuwa kituo cha SS. Mtu aliyewaua Waislamu 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, tarehe 15 Machi 2019, aliliweka jua hilo kwenye jalada la waraka wake na kuwaaga wenzake kwa kuitaja Valhalla, ukumbi wa Odin wa mashujaa waliokufa vitani. Duka hili liko mahali ambapo adhana ya Ijumaa inasikika mpaka ndani, na baadhi ya vijana wanaoipapasa fulana hiyo wanatoka msikitini. Sioni bei wala maelezo yatakayoifanya ifae kuuzwa. Fundi alisema fulana ni mali ya mtu mwingine na kwamba atazungumza naye. Hadi ninapoandika, bado zinatundikwa.

Wapo watakaoshauri tuziache alama zote, kwa kuwa zimechafuliwa. Sikubaliani nao, kwa sababu hivyo ndivyo wabaguzi wanavyotaka: wabaki peke yao na urithi wasioujenga. Mwaka 2016 vikundi vya watu wanaoiabudu miungu hii ya kale hadi leo vilitoa Tamko la 127 kuwakataa waziwazi wabaguzi waliomo miongoni mwao, vikilipa jina kutokana na ubeti wa 127 wa Hávamál, shairi la kale la mawaidha ya Odin, unaomtaka mtu auite uovu kuwa ni uovu.

Kwa hiyo ninapendekeza nyundo, kunguru na Yggdrasil bila kusita, na kuchongewa jina kwa sharti kwamba mteja aombe kwanza kuona mchoro wa herufi. Duka hutuma mizigo kwa bodaboda ndani ya jiji na kwa basi mikoani, na malipo hufanywa kwa simu. Inafaa kuomba picha halisi ya kidani kabla ya kulipa, kwa sababu kwenye matangazo yao fedha huonekana ikimeta kuliko ilivyo.