Snow Globe: marais wa kubuni ndani ya kompyuta mpakato

Snow Globe ya IQT Labs, maabara ya shirika la Marekani In-Q-Tel, ni programu huria ya michezo ya vita inayochezwa kwa maandishi. Unaandika mgogoro, modeli ya lugha (AI inayoandika, kama ChatGPT) inavaa nafasi ya rais au jenerali na kueleza hatua yake, kisha msimamizi, naye ni modeli, anaamua kilichotokea. Mtu halisi anaweza kushika nafasi mojawapo.

Kuiweka kwa pip, kisakinishi cha programu za Python, ni kazi ndogo. Mzigo ni faili la modeli. Mistral 7B, modeli huria ndogo, ikibanwa hadi biti 4 ina takriban GB 4, kwa hiyo ukiwa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) ishushe kwa Wi-Fi ya chuo usiku, bando la siku halitafika. RAM ya GB 8 inabeba kwa taabu (funga kivinjari), GB 16 ndiyo raha. Bila kadi ya michoro, raundi moja inakutosha kwenda kufuata chai.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba pande zote mbili zina ubongo mmoja. Mahasimu wanaelewana upesi mno, na wasaidizi wa rais hawabishani. Utafiti wa mwaka 2024 uliolinganisha modeli na wataalamu 214 wa usalama uliona hivyohivyo: hata mchezaji aliyeelezwa kuwa mpenda amani na aliyeelezwa kuwa katili hawakutofautiana sana. Usiandike tu "rais mkali". Mwandikie anachotaka, asichoweza kukubali, na hasa asichokijua. Kila upande upewe taarifa zake. Memori ikiruhusu, tumia modeli tofauti kwa kila nchi. Jina la kiongozi halisi liache, utaletewa sura yake ya magazetini.

Mchezo ukirefuka, mkataba wa raundi ya kwanza unatoka kwenye dirisha la modeli (kiasi cha maandishi inachoweza kusoma kwa mara moja) na rais anausahau. Rudisha muhtasari mfupi kila raundi. Na mchezo mmoja si matokeo: rudia mgogoro uleule mara 20, uhesabu ni mara ngapi uliishia vitani.

Mfumo wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, wa miaka ya 1980 uliwajenga Ivan (upande wa Wasovieti) na Sam (upande wa Marekani) kwa kanuni zilizoandikwa, ukaweza kufuatilia kanuni iliyozaa uamuzi. Hapa ukimuuliza rais sababu, anaitunga papo hapo.

Kiswahili cha Mistral 7B ni kibovu. Andika mgogoro kwa Kiingereza, au ulipie modeli kubwa ya mtandaoni kwa dola.