Tahadhari: Anayekuahidi marejesho makubwa ya kodi kabla hajaiona W-2 yako

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa mnaofaili kodi mke na mume pamoja, someni hili kabla hamjamkabidhi mtu karatasi zenu.

Mwaka jana mimi na mke wangu tulimpa kazi hiyo mtu tuliyeelekezwa na marafiki. Anaongea Kiswahili safi, anakufuata mpaka nyumbani, mpole. Kabla hata hajafungua bahasha alishatuambia tutapata marejesho makubwa kuliko ya mwaka juzi. Hapo hapo tungemwonyesha mlango. Marejesho ni fedha zako mwenyewe ulizokwisha kukatwa kwenye mshahara, zile za kisanduku cha 2 cha W-2 (karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara wako wa mwaka na kodi uliyokatwa), zikizidi kodi unayodaiwa. Zipo pia nafuu za watoto na za wenye kipato kidogo, lakini zina masharti yake. Asiyejua umekatwa kiasi gani atajuaje utarudishiwa kiasi gani?

Ziliingia dola 2,900. Tukamlipa ujira wake taslimu, risiti hakutoa.

Miezi saba baadaye IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wakatuandikia barua wakitaka ushahidi wa biashara ya mke wangu iliyopata hasara. Mke wangu ameajiriwa, anafanya zamu za usiku, biashara hajawahi kuwa nayo. Nikafungua akaunti yetu kwenye tovuti ya IRS usiku ule ule: marejesho yaliyotoka ni dola 5,140. Niliisoma ile namba mara tatu. Tukaomba nakala kamili ya ritani yetu, yaani fomu za kodi zilizotumwa IRS kwa jina letu, kwa fomu ya 4506, na ilipofika tukakuta ndani yake fomu ya 8888, ile ya kugawa marejesho kwenye akaunti zaidi ya moja. Ya kwanza yetu. Ya pili hatuijui. Na mahali pa sahihi ya mwandaaji palikuwa patupu, kana kwamba tulijaza wenyewe.

Kwa sheria, yeyote anayelipwa kukuandalia ritani lazima atie sahihi na aandike PTIN, namba yake ya utambulisho wa mwandaaji kodi, inayoanza na herufi P kisha tarakimu 8. Marejesho yako hayaruhusiwi kuingia kwenye akaunti yake hata kidogo. Kwa hiyo usikubali kuonyeshwa jumla tu kwenye simu. Dai 1040 nzima, ile fomu kuu ya ritani, teremka hadi mstari wa 35, linganisha namba ya akaunti na ya kwako tarakimu kwa tarakimu, na uliza kama kuna 8888. Anayedai asilimia ya marejesho badala ya ujira unaojulikana, IRS wenyewe wanashauri akwepwe.

Alituumiza pia kwenye W-4, fomu ya kumweleza mwajiri akukate kodi kiasi gani. Alimwambia mke wangu ajiandikishe kazini kuwa amesamehewa kukatwa kodi, ili mshahara "upumue". Msamaha huo ni wa mtu ambaye mwaka uliopita hakudaiwa kodi yoyote ya mapato ya shirikisho na anatarajia hivyo hivyo mwaka huu. Sisi hatumo. Mke wangu alikaa miezi mitano bila kukatwa, na deni hilo linatusubiri. Sasa amejaza W-4 mpya, na safari hii tumejaza hatua ya 2, ya nyumba yenye mishahara miwili, ambayo wengi huiruka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba IRS wanatudai sisi, si yeye. Sahihi ni zetu. Tunarudisha fedha tusizozila, pamoja na riba, na faini inaweza kufika asilimia 20 ya kodi iliyopungua. Tumetuma malalamiko kwa fomu za 14157 na 14157-A, bado tunasubiri. Kumbe ipo VITA, huduma ya bure ya kujaziwa kodi kwa wenye kipato cha wastani na cha chini, na watu wake wamepita mitihani ya IRS.

Kama kuna mtu alikujazia mwaka jana na hukuachiwa nakala, ingia leo kwenye akaunti yako ya IRS, tazama marejesho yaliyotoka, kisha fungua taarifa ya benki uone yaliyoingia.