Tathmini: Barua pepe za ofisi kwenye seva ya hapa Dar

Ofisi yetu ya uwakala wa forodha ipo Kurasini na ina watu tisa. Tangu mwanzoni mwa 2023 barua pepe zetu za .co.tz zinatunzwa na kampuni moja ndogo ya hapa jijini, ambayo sitaitaja, kwa kuwa yaliyotupata yangeweza kumpata mteja wa kampuni yoyote ya ukubwa wake. Tunalipa shilingi 180,000 kwa mwaka kwa visanduku kumi, kila kimoja gigabaiti tano. Kwa bei hiyo sikutarajia makubwa, na mwaka wa kwanza sikuwa na neno.

Shida ilianza asubuhi ya Jumanne moja, nilipomtumia mteja wetu wa Lubumbashi ankara ya makontena mawili. Kabla sijamaliza chai, barua ilirudi na maelezo marefu yenye namba 550, ambayo kwa lugha ya seva za barua maana yake ni kwamba umekataliwa na usibishe hodi tena. Nikamwandikia mteja wa Ndola, nayo ikarudi. Hatimaye niliipiga picha ankara na kuituma kwa WhatsApp, jambo la aibu kidogo kwa ofisi inayojivunia karatasi zilizonyooka, lakini siku za bure za kontena zikiisha tozo huanza kuhesabiwa, na meli haijui habari za seva.

Fundi wao alipokea simu mara moja, na hilo nalihesabu kwa upande wao. “Dada, nyinyi hamna kosa,” alisema. “Kuna mteja mwenzenu kaibiwa neno la siri, usiku kucha wamepitisha barua taka kwake.” Kumbe wateja wote wa seva ile tunatoka kwa anwani moja ya IP, yaani namba inayoitambulisha seva mtandaoni, na wapokeaji wakubwa kama Gmail, pamoja na watunza orodha nyeusi kama Spamhaus, huipima anwani hiyo kabla hata ya kumtazama mwandikaji. Ni sawa na nyumba ya kupanga yenye mlango mmoja wa nje: mpangaji mmoja akiingiza wezi, mjumbe anaandika namba ya nyumba. Ilichukua siku tatu kumfungia mwizi, kusafisha foleni ya barua zilizokuwa zikisubiri kutoka na kuomba anwani iondolewe kwenye orodha. Siwalaumu kwa kuibiwa kwa neno la siri la mtu mwingine. Lawama yangu ni kwamba hawakuwa wameweka kikomo cha barua kwa saa, kwa hiyo akaunti iliyozoea kutuma barua ishirini kwa siku iliweza kutuma maelfu saa tisa usiku bila kengele yoyote kulia. Kikomo hicho kimewekwa baadaye.

Haki inanilazimu nikiri pia kosa lililokuwa letu. Kuanzia Februari 2024 Google na Yahoo walikaza masharti kwa watumaji, na wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail wakatakiwa kuwa na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako), DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye kila barua) na DMARC (agizo kwa mpokeaji kuhusu barua inayoshindwa vipimo hivyo) kwa pamoja. Sisi hatufikishi hata mia, ila sharti la mtumaji mdogo, kuwa na angalau SPF au DKIM, lilitunasa: programu yetu ya uhasibu ilikuwa ikituma ankara kwa jina letu kutoka seva nyingine, ambayo haikuorodheshwa kwenye rekodi yetu ya SPF wala haikutia sahihi ya DKIM. Ankara zikawa zinaangukia kwenye barua taka za wateja, nasi tukidhani wanakwepa kulipa. Fundi aliongeza mstari mmoja kwenye rekodi za kikoa, yaani jina letu la .co.tz, na kwa kazi hiyo hakututoza hata senti.

Faida ya kuwa na seva hapahapa niliiona Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya nje ikazorota. Barua kati yetu na mawakala wenzetu wa hapa jijini ziliendelea kufika, na zile za kutoka ng’ambo zilizokwama zikaingia kwa mkupuo baadaye, kwa sababu seva inayotuma haikati tamaa mapema. Kwa kawaida hurudia kujaribu kwa siku nne au tano.

Nakala rudufu ndizo zilizonikera zaidi. Karani wetu alifuta kwa bahati mbaya folda nzima ya hati za mizigo, tukagundua siku ya kumi, na tukaambiwa nakala huwekwa siku saba tu. Jambo hilo halikuandikwa popote kwenye mkataba.

Pamoja na hayo nimelipia mwaka mwingine, safari hii kwa nyongeza ya shilingi 120,000 ili tupate anwani ya IP ya peke yetu. Fundi ametuonya kwamba anwani mpya haina sifa yoyote, wala nzuri wala mbaya, hivyo wiki za kwanza tutume kidogokidogo. Hati za mizigo, kila Ijumaa jioni, karani anazinakili kwenye diski iliyo ndani ya kabati langu.